Majukwaa ya Navigation Road hayakuinuliwa kwa ajili ya tramu

Nimeusikia tena ule usemi kwamba vituo vya reli nyepesi vya kusini mwa Manchester vilijengewa majukwaa yaliyoinuka ili abiria wenye viti vya magurudumu wapande tramu bila taabu, na safari hii msemaji alikuwa mtu aliyesomea mipango ya usafiri. Usemi huo unapendeza masikioni na unawavika wahandisi wa Metrolink, mfumo wa tramu wa Manchester uliofunguliwa mwaka 1992, huruma kubwa, lakini umekigeuza kisa kichwa chini miguu juu. Majukwaa ndiyo yaliyotangulia, kisha ikatafutwa tramu ya kuyafaa.

Chukueni kituo cha Navigation Road, kimoja kabla ya mwisho wa njia ya Altrincham. Njia ilifunguliwa mwaka 1849, na kituo chenyewe kiliongezwa mwaka 1931, njia ilipowekewa umeme wa volti 1,500 wa mkondo mnyoofu. Mwaka 1971 umeme huo ulibadilishwa kuwa volti 25,000 za mkondo geu, na mwaka 1992 mfumo wa Metrolink ukairudisha njia kwenye mkondo mnyoofu, sasa wa volti 750. Nyaya zimebadilishwa mara zote hizo, lakini kimo cha jukwaa kimebaki kile cha reli ya kawaida.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo wasimulizi wengi wanapoparukia. Metrolink ya kwanza iliunganisha njia mbili za zamani za vitongojini, ile ya Bury upande wa kaskazini na hii ya Altrincham, kwa reli mpya zilizotandikwa katikati ya jiji. Njia zote mbili zilikuja na majukwaa ya takriban sentimita 90 juu ya reli. Wapangaji walikuwa na mawili ya kuchagua: kuyabomoa majukwaa hayo yote na kununua tramu zenye sakafu ya chini, ambazo wakati huo zilikuwa bado changa (Grenoble ilianza na zake mwaka 1987), au kuyaacha yalivyo, kununua tramu zenye sakafu ya juu, na kuinua majukwaa barabarani. Walichagua la pili. Katikati ya jiji baadhi ya majukwaa ya mwanzo yaliinuliwa sehemu tu, kwa hiyo tramu za kwanza za mfumo huo, aina ya T-68, zilipewa ngazi za kukunjua kwa ajili ya milango iliyoangukia sehemu ya chini. Kwa maneno mengine, vituo vya vitongojini ndivyo vilivyoamua sura ya mitaa ya jijini. Croydon, kusini mwa London, ilipofungua tramu zake mwaka 2000 ilifanya kinyume: njia ya zamani ya Wimbledon ilipewa majukwaa ya chini, takriban sentimita 35, yalingane na yale ya barabarani.

Asiyesadiki na asimame Navigation Road aangalie huku na huku. Kituo kina majukwaa mawili. Tangu reli zilipogawanywa, moja linahudumia tramu za kwenda na kurudi, na la pili linahudumia treni za reli ya taifa zinazotoka Manchester kwenda Chester kupitia Stockport, nazo pia za kwenda na kurudi. Kiwango cha kawaida cha jukwaa la reli nchini Uingereza ni milimita 915, ilhali sakafu ya treni nyingi za huko iko zaidi ya mita moja juu ya reli. Abiria mwenye kiti cha magurudumu upande wa tramu huingia mwenyewe, lakini upande wa treni humngoja mhudumu amwekee ubao wa kuvukia. Kama kimo cha jukwaa kingekuwa ndicho rehema yenyewe, rehema hiyo ingeonekana pande zote mbili. Kinachomfaa abiria ni uhusiano kati ya jukwaa na sakafu ya chombo, pamoja na upana wa pengo lililo baina yao, na uhusiano huo haujengwi kwa zege peke yake. Magurudumu huchakaa na springi hulala behewa likijaa, kwa hiyo neno «usawa» linaloandikwa vitabuni kwa uhakika mkubwa maana yake ni tofauti ndogo ya kimo inayovumilika, wala si zaidi ya hapo.

Kuhusu huduma nyingine sina mengi: kibanda cha kujikinga mvua, mashine za tiketi zilizochukua nafasi ya dirisha la karani, na tangu 2019 visomeo vya kadi za benki. Wanaolalamika kwamba kituo kimeshushwa hadhi wanasahau kuhesabu tramu zinazopita kila saa.

Sasa niseme lile ambalo vitabu hulipitia kimya kimya: sina hakika kwamba uamuzi wa 1992 ulikuwa bora. Ulikuwa rahisi kwa vitongoji, na gharama yake ikahamishiwa barabarani. Kwa mteremko wa moja kwa ishirini, jukwaa la sentimita 90 linahitaji mita 18 za kupandia, lakini la sentimita 35 linahitaji mita 7 tu, na mtu yeyote aliyewahi kuchora kituo katika mtaa mwembamba anajua mita hizo 11 za ziada zinatoka kwa nani. Nikiulizwa ningefanya nini kwa fedha na tramu za wakati ule, jibu langu hubadilika kila ninaposhika kalamu. Leo mtandao una vituo 99, na kimo hakiwezi kuguswa tena. Njia ya uwanja wa ndege, iliyofunguliwa mwaka 2014, inapita mitaa ya Wythenshawe ambako hapakuwa na jukwaa lolote la kurithi, na bado kila kituo chake kilibidi kijengwe kwa sentimita zile zile 90.