Hukupanda ndege? Tozo zilizomo kwenye tiketi yako zidai

Siku ya Haki za Watumiaji Duniani, 15 Machi, imetukuta Lamu, sisi tunaowasaidia abiria kudai haki zao, na faili nyingi zinazofanana. Abiria amenunua tiketi ya ndege, hakusafiri, ameambiwa "tiketi hii hairudishwi", naye amekubali na kwenda zake. Wengine hutufikia mwaka mzima baadaye, kwa bahati tu, walipokuja kwa shauri jingine. Mama mmoja kutoka Kizingitini, aliyekosa ndege pale Manda kwa sababu boti yake ilingoja maji yajae mkondo wa Mkanda, aliniambia, "Tiketi imekufa, mwanangu, nishasamehe." Alikuwa amewasamehe watu fedha ambazo hazikuwa zao.

Bei ya tiketi haina nauli peke yake. Ipo nauli, ambayo ni mali ya shirika la ndege. Zipo nyongeza ambazo shirika lenyewe hujiwekea, kama ya mafuta. Halafu zipo tozo za serikali na za viwanja vya ndege, ambazo shirika huzikusanya tu na kuzipeleka zinakohusika. Neno "hairudishwi" kwa kawaida linahusu nauli. Ukilisoma kana kwamba linameza tiketi nzima, umejinyima mwenyewe.

Hapa Kenya tozo kuu inatokana na Sheria ya Ada ya Huduma kwa Abiria wa Ndege, Sura ya 475. Kwa safari ya ndani ni shilingi 600, na kwa safari ya kwenda nje ya nchi ni dola 50 za Marekani. Anayetozwa ni abiria anayeondoka. Aliyebaki nyumbani kwake Mkomani au Langoni hakuondoka, basi safari iliyozaa tozo ile haikuwapo. Nchi nyingine hufuata msingi huo huo. Uingereza, ambako wengi wetu tuna ndugu, ina ushuru wa abiria wa ndege tangu 1994, na shirika hudaiwa ushuru huo kwa abiria aliyepanda tu. Mjomba wako wa London akiahirisha kuja, fungu hilo kwenye tiketi yake linaweza kuwa kubwa kuliko mnavyodhani.

Sasa niseme wazi, maana hapa ndipo tunapopoteza muda mwingi mezani. Hatuwezi kumrudishia mtu nauli ya bei ya chini aliyoinunua kwa masharti yaliyoandikwa. Boti kukwama, kusi kuchafua bahari, ndugu kuugua: yote ni mazito na tunayahurumia, lakini si makosa ya shirika la ndege. Kutupigia kelele hakubadilishi masharti ya nauli. Ikiwa shirika ndilo lililofuta safari, hilo ni shauri jingine lenye haki nyingine, na lisichanganywe na hili.

Nyongeza za shirika nazo zina utata wake. Kwenye mchanganuo wa tiketi zimeandikwa kwa misimbo YQ au YR, na kwa sababu zimepangwa pamoja na tozo, abiria huziona kuwa ni kodi. Si kodi. Mara nyingi hufuata masharti ya nauli, na nauli isiporudishwa nazo hazirudi. Misimbo mingine ndiyo ya kudai. Ushuru wa Uingereza nilioutaja, kwa mfano, hujulikana kwa herufi GB.

Jambo la kufanya kabla ya yote ni kuarifu kwamba hutasafiri, hata ikibaki saa moja. Mashirika mengi humtoza faini asiyefika bila taarifa, na faini hiyo huweza kukatwa kwenye fedha unazodai. Tena ukikosa safari ya kwanza ya tiketi ya kwenda na kurudi bila kusema, ya kurudi nayo kwa kawaida hufutwa. Kinyume chake, aliyekwenda Nairobi kwa ndege akarudi kwa basi asidhani kwamba amekosa yote. Tozo za safari ya kurudi, ambayo hakuitumia, bado ana haki ya kuziulizia.

Dai lenyewe lipelekwe kwa aliyekuuzia. Ulinunua kwa wakala, rudi kwa wakala, kwa sababu fedha zilipitia kwake na shirika litakurudisha kwake hata ukienda makao makuu. Ulinunua mwenyewe kwa simu, andikia shirika. Nasema andika. Maneno ya kaunta hayana ushahidi. Eleza jina kama lilivyo kwenye kitambulisho au pasipoti, nambari ya tiketi, ambayo ina tarakimu 13, zile tatu za mwanzo zikiwa za shirika, na ile nambari ya kuweka nafasi (booking reference), yenye herufi na tarakimu, jumla sita. Hizi ni nambari mbili tofauti. Kila wiki tunaletewa ujumbe wa M-Pesa pekee, kana kwamba shirika litamtambua mtu kwa huo. Ujumbe huo unathibitisha malipo, hauthibitishi tiketi, kwa hiyo vyote viwili viambatanishwe. Taja safari usiyoitumia na tarehe yake, kisha uombe "mchanganuo wa tozo na ada zisizotumika na marejesho yake". Ukiandika "nirudishieni pesa zangu" utajibiwa kuhusu nauli, na jibu unalijua. Weka nakala na tarehe uliyotuma.

Fanya hivyo mapema. Tiketi kwa kawaida ina uhai wa mwaka mmoja tangu kutolewa, na mashirika mengi hayapokei dai baada ya hapo. Baadhi yana muda mfupi zaidi, kwa hiyo soma masharti yako.

Uliza pia ada ya kushughulikia dai, kabla hujakubali. Tuseme ni shilingi 1,000 kwa tiketi. Tozo ya safari moja ya ndani ni 600, umeshapata hasara. Lakini kwa tiketi ya umra, yenye dola 50 za kuondoka Kenya pamoja na tozo za viwanja vya njiani, au kwa familia ya watu watano waliolipia kwenda na kurudi, ambao tozo zao za ndani peke yake ni 6,000, hesabu ni nyingine kabisa. Fedha kwa desturi hurudi kwa njia iliyolipiwa: kadi kwa kadi, simu kwa simu.

Usipojibiwa, au ukikataliwa bila sababu, peleka nakala zako kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ambayo itataka kuona kwamba ulianza na shirika. Ibara ya 46 ya Katiba inakupa haki ya taarifa kuhusu huduma uliyonunua na ya ulinzi wa maslahi yako ya kiuchumi. Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa.

Kwa mawakala wetu wa hapa mjini, ambao wengi ni waaminifu: ada yenu ya huduma ni halali yenu mkiitaja mapema. Marejesho yaliyoingia kwenye akaunti yenu kutoka kwa shirika si yenu. Wakala akizuia fedha za mteja kwa makusudi anakaribia kifungu cha 283 cha Kanuni ya Adhabu, wizi wa wakala, ambacho kifungo chake hufika miaka saba. Mteja naye asilete barua ya hospitali ya kughushi ili apate nauli. Hilo ni kosa la jinai, na tukiligundua hatuendelei na faili lake.

Yule mama wa Kizingitini tiketi yake ilikuwa imebakiza wiki tatu kufikisha mwaka. Tuliandika barua siku ile ile, kwa jina la kitambulisho chake, ambalo wakala alikuwa amelikosea herufi moja. Ikabidi tuanze na herufi hiyo.