Moto peke yake hautoi sumu ya muhogo

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mtu anayefundisha wenzake mapishi: "Muhogo ukiwa mchungu, chemsha sana, sumu itatoka na mvuke." Haitoki. Na kinachonikera zaidi ni kwamba nusu ya maneno hayo ni kweli, ndiyo maana hayafi. Haidrojeni sianidi, ambayo ndiyo sumu yenyewe, huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo hata joto la mchana la Tanga linatosha kuirusha hewani. Lakini ndani ya muhogo uliotoka shambani sasa hivi sianidi huru ni kidogo mno. Karibu yote imefungwa.

Imefungwa ndani ya linamarini, ambayo ni zaidi ya tisa ya kumi ya sumu yote. Iliyobaki ni ndugu yake, lotostralini. Linamarini ni glukosi iliyoshikana na kipande chenye sianidi. Mmea huiweka kwenye vifuko vya ndani ya seli, na kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi, hukaa nje kwenye ukuta wa seli. Seli zikiwa nzima, hakuna kinachotokea. Panya akitafuna au kisu kikikata, viwili hivyo vinakutana: glukosi inajitenga, inabaki asetoni sianohidrini. Hiyo nayo ikipata joto la zaidi ya nyuzi 35, au mahali pasipo na uchachu mwingi (pH juu ya 5), inavunjika yenyewe kuwa asetoni na haidrojeni sianidi.

Kwa hiyo sumu ina hali tatu: iliyofungwa, iliyo njiani, na iliyo huru. Moto unafukuza hizo mbili za mwisho. Ile ya kwanza hauigusi, kwa sababu linamarini huvumilia maji yanayotokota, ilhali linamarasi ni protini na huharibika kwenye nyuzi 70 na kitu, kabla maji hayajachemka. Ukitumbukiza vipande vikubwa kwenye maji ya moto, umemwondoa mwenye ufunguo na kumwacha mfungwa ndani.

Upungufu unaopatikana kwa kuchemsha unatokana hasa na linamarini kuyeyukia majini, na hapo ukubwa wa kipande ndio unaoamua. Vipande vya gramu 50 hivi hupoteza kama robo ya sumu. Vipande vidogo vya gramu 2, kwenye maji mengi, hupoteza kama robo tatu. Anza na maji baridi ili kimeng'enya kifanye kazi kidogo wakati joto linapanda, acha sufuria wazi, na maji yamwagwe, yasigeuzwe mchuzi. Kwa muhogo mtamu hayo yanatosha kabisa. Kwa muhogo mchungu robo tatu haitoshi. Kukaanga na kuchoma ndiyo hafifu kuliko vyote: sumu nyingi hubaki palepale.

Sasa hili la "mtamu" na "mchungu", ambalo watu hulichukulia kana kwamba ni mimea miwili tofauti. Ni mmea mmoja, na kati ya mtamu na mchungu hakuna ukuta. Kwa viwango vya kimataifa vya chakula, yaani Codex, muhogo mtamu ni ule wenye chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kilo ya muhogo mbichi. Mingine hufika mamia. Na mbegu ileile iliyokuwa tamu mwaka wa mvua, sumu yake inaweza kupanda sana mwaka wa ukame, maana mmea uliokosa maji huongeza linamarini. Jirani akikwambia "mbegu hii tunaila mbichi siku zote," muulize mvua zilikuwaje.

Je, ulimi unatosha kupima? Hapa vitabu vingi hupita haraka. Wakulima wenye uzoefu huonja ncha ya muhogo na mara nyingi hupatia. Sidharau kipimo hicho. Lakini uchungu na sianidi haviendi sambamba kila mara. Linamarini ni chungu, ila si peke yake: ipo sukari nyingine iliyoungana, isiyo na sianidi kabisa, inayochangia uchungu uleule. Kwa hiyo muhogo mchungu sana unaweza kuwa na sumu ya wastani, na usio mchungu sana ukawa na zaidi ya ulivyodhani. Ushauri wangu ni huu: ulimi ukisema mchungu, uamini, ukisema mtamu na mwaka ni wa ukame, usiuamini peke yake.

Fanya hesabu kabla hujampa mtoto muhogo mbichi, au kabla hujanunua mihogo mibichi, nazi na karanga kwa anayekuuzia nguvu za kiume barabarani. Dozi inayoweza kuua hukadiriwa kati ya miligramu 0.5 na 3.5 za sianidi kwa kila kilo ya mwili. Gramu 100 za muhogo wenye miligramu 300 kwa kilo zina miligramu 30. Kwa mtoto wa kilo 15 hizo ni 2 kwa kila kilo. Ni kweli kwamba si linamarini yote iliyomezwa huachia sianidi. Nyingine hupita na kutoka na mkojo ikiwa nzima. Lakini sehemu itakayovunjwa inategemea bakteria wa tumboni mwa mlaji, na hakuna anayeweza kukuahidi watafanya nini. Nazi na karanga hazibadilishi chochote katika hesabu hiyo.

Mawili ya haraka. Ule uzi wa katikati si ghala la sumu. Tunautoa kwa sababu ni mgumu. Ghala ni ganda, na hasa tabaka nene la ndani lenye weupe au upinki, kwa hiyo menya mpaka nyama, usikwangue juujuu. Na michirizi ya bluu au nyeusi inayotokea siku mbili tatu baada ya kuvuna si sianidi. Ni skopoletini na jamaa zake, kemikali za muhogo wenyewe, zikibadilika rangi kwa oksijeni. Muhogo huo umeharibika ladha, lakini michirizi haikwambii lolote kuhusu sumu. Mweupe kama karatasi unaweza kuwa na sumu mara kumi yake.

Kinachotoa sumu kwa uhakika ni kuvunja seli, kuweka maji, na kusubiri. Kuloweka ndiyo njia bora kwa muhogo mzima: menya, kata, zamisha vipande vyote (vinavyoelea havilowi, wekea jiwe), siku 3 hadi 4 mpaka vibonyee kwa kidole. Vijidudu vya uchachu vinalainisha kuta za seli, kimeng'enya kinafika, linamarini inavunjika au inayeyuka. Zaidi ya asilimia 90 huondoka. Nyanda za baridi ongeza siku, kwa sababu uchachu unakwenda polepole. Kipimo ni kulainika, si kalenda. Siku moja haitoshi, na miaka ya njaa siku ndizo zinazokatwa kwanza. Ukivitoa, kamua, toa nyuzi, vunjavunja, anika. Hapa jua na moto vina kazi ya kweli: ule uchachu huifanya asetoni sianohidrini itulie, na joto ndilo linaloifukuza. Ndiyo maana unga wa kivunde, yaani muhogo uliolowekwa hivyo, ulioanikwa vizuri na kupikwa ugali ni salama.

Kuanika bila kuloweka, yaani makopa, huacha robo mpaka theluthi ya sumu. Na wengi hukata vipande vyembamba ili vikauke upesi, kumbe wanajidhuru. Kimeng'enya kinahitaji unyevu. Kipande kikikauka haraka, kazi inasimama na linamarini inabaki. Kipande kinene kinachokauka polepole hupoteza zaidi, ingawa kinaalika ukungu. Kuvundika kwenye lundo kabla ya kuanika, kama udaga wa Kanda ya Ziwa, kunashinda kuanika tu, lakini hakufikii kuloweka.

Hata kutwanga na kukausha siku hiyohiyo kuna mtego. Kusini mwa Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1980, watu walidhurika kwa unga uitwao chinyanya, uliotengenezwa hivyo. Linamarini ilivunjika, lakini sianohidrini haikupewa nafasi ya kuondoka.

Kisamvu kina sumu nyingi kuliko muhogo wenyewe, na bado kikipikwa ipasavyo hakinitishi, kwa sababu majani yamejaa kimeng'enya. Kazi yote iko kwenye kinu: twanga mpaka kilegee kabisa ndipo uchemshe, sufuria wazi. Wanaopika sombe, yaani kisamvu cha Kongo, hutwanga hivyohivyo. Anayekatakata kwa kisu na kurusha kwenye maji yanayochemka amerudia kosa la kwanza.

Sisemi haya kwa ajili ya usafi wa kemia. Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu kwa sumu ya muhogo, ipo. Jina limetoka kwa Wayaka wa Kwango, Kongo, likimaanisha miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliieleza kitabibu mwaka 1938. Tarime ilipigwa mwaka 1985 wakati wa ukame, na Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla na haiponi, hasa kwa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Mwili hugeuza sianidi kuwa thiosianeti kwa kutumia salfa ya protini, kwa hiyo anayekula muhogo bila dagaa, maharage wala mayai hana cha kujikingia. Na thiosianeti huzuia madini joto, ndipo rovu linapotokea. Ni kitu gani hasa kinachoua neva, sianidi yenyewe, mojawapo ya mazao yake au upungufu wa salfa, wataalamu bado wanabishana.

Kama una unga wa makopa usiouamini, kuna njia aliyoieneza Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Weka unga kwenye bakuli, piga alama ulipofikia. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda. Acha unaporudi kwenye alama. Utandaze usizidi unene wa sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hupungua mara 3 hadi 6. Upike siku hiyohiyo, kwa sababu unga uliolowa haukai. Na usitegemee njia hii kwa unga wa muhogo uliochemshwa kabla ya kuanikwa: hautakuwa na linamarasi ya kufanya kazi.