Je, wajua kwa nini ushuru uliokatwa kupita kiasi huchelewa kurudi?

Masika yakiingia, kuanzia Aprili hivi, hoteli nyingi za Malindi, Watamu na Lamu, pwani ya Kenya, hufunga hadi watalii watakaporejea mwezi wa Julai. Wapishi, wahudumu wa mezani na wasafisha vyumba huenda makwao bila mshahara. Wengi wao hawajui kwamba kwa kufanya kazi miezi michache tu ya mwaka, huwa wanaidai serikali pesa, na mara nyingi si pesa kidogo.

Sababu imo katika jinsi PAYE, yaani ushuru wa kila mwezi kwenye mshahara, inavyokatwa. Mwajiri hukata mwezi kwa mwezi, akihesabu kana kwamba mshahara huo utaendelea mwaka mzima. Sheria ya ushuru wa mapato, kwa upande wake, huhesabu mwaka mzima, Januari hadi Desemba. Shilingi 24,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo asilimia 30, mpaka mshahara ufike 500,000 ambapo viwango hupanda tena. Kisha kila mkazi hupunguziwa ushuru wa shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Miezi ambayo huna kazi, nafuu hiyo hukaa bila kutumika, na vile viwango vya chini navyo hubaki vitupu.

Tumchukue mpishi wa Malindi anayelipwa 60,000 kwa mwezi, aliyefanya kazi Januari, Februari, Machi, kisha Novemba na Desemba za mwaka huohuo. Tukiacha makato ya pensheni (NSSF), bima ya afya (SHIF) na nyumba ili hesabu iwe nyepesi, kila mwezi atakatwa PAYE ya takriban 10,383. Kwa miezi mitano hiyo ni takriban 51,917. Sasa hesabu kwa mwaka: mapato yake yote ni 300,000. Shilingi 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, nazo ni 28,800. Zilizobaki 12,000 zinatozwa asilimia 25, nazo ni 3,000. Jumla ni 31,800. Toa nafuu ya 28,800, ushuru wake halali wa mwaka ni shilingi 3,000 tu. Zaidi ya 48,000 ni zake. Karo ya muhula hiyo.

Pesa hizo hazirudi zenyewe. Na hapa ndipo watu wengi wa pwani wanapopotelea, kwa sababu ya haraka ya mwezi wa Juni. Siku ya mwisho ya kujaza ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru wako wa mwaka, ni tarehe 30 Juni, na atakayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kile kilicho kikubwa. Foleni za saiba, yale maduka ya intaneti, zinakuwa ndefu, na anayekujazia anakuuliza swali moja tu: unafanya kazi kwa sasa? Hoteli imefungwa, unajibu hapana, naye anakujazia ritani ya sufuri. Dakika mbili, umemaliza. Lakini ritani ile ni ya mwaka uliopita, wala haihusiani na Juni hii. Kwa hiyo umeitangazia KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kwamba mwaka mzima hukupata hata senti, ilhali mwajiri wako amekwisha kupeleka taarifa ya mshahara aliokulipa na PAYE aliyokata. Ritani ya namna hiyo haiwezi kuzaa deni lolote la serikali kwako, maana hakuna ushuru uliosema ulikatwa.

Hata aliyejaza sawasawa bado ana hatua ya pili. Ritani huonyesha tu kwamba umelipa zaidi. Kurudishiwa ni ombi jingine, linalotumwa kupitia sehemu yake ndani ya iTax, mtandao wa KRA wa ushuru, pamoja na P9 (fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara wako wa mwaka na PAYE iliyokatwa) na vyeti vya ushuru wa zuio kama unavyo. Vyeti hivyo huwahusu sana wanaofanya kazi kwa mkataba, kama mshauri au fundi wa kitaalamu aliyekatwa asilimia 5 ya malipo yake. Nimeona watu wakingoja miezi na miezi kitu ambacho hawajakiomba.

Sasa tuseme umeomba. Mbona bado hazijaingia?

Sababu ya kwanza ni kwamba afisa hatazami karatasi yako peke yake. Anailinganisha na kile mwajiri alichotangaza. Mwajiri hupaswa kupeleka PAYE kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, pamoja na orodha ya wafanyakazi na PIN zao za ushuru. PIN yako ikiandikwa vibaya kwa herufi moja, au hoteli ikakata na isipeleke, P9 yako itasema jambo na mtambo utasema jingine. Ombi linasimama hapo. Ndiyo maana payslip za msimu si za kutupwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya mshahara yanayoonyesha kila kilichokatwa, na hizo ndizo silaha zako ikiwa mwajiri hakupeleka alichokukata.

Sababu ya pili ni madeni ya zamani. KRA huweza kuchukua pesa unazodai na kulipia kwanza unachodaiwa. Miaka ambayo hukujaza ritani kabisa kila mmoja una faini yake, na watu hushangaa kuona 48,000 zimekuwa 40,000. Kisha kuna mambo madogo yanayokwamisha makubwa: akaunti ya benki uliyoandika kwenye iTax ikiwa imefungwa, au jina lake halilingani na la kitambulisho, malipo hayatapita.

Sababu ya tatu haimo mikononi mwako wala mwa afisa. KRA haiweki sandukuni ushuru inaokusanya. Katiba, kifungu cha 206, inataka fedha za serikali ziingie katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Za kurudishia walipaji ushuru hutengwa na Hazina ya Kitaifa, na zikitengwa chache kuliko madai, foleni hurefuka hata kwa waliothibitishwa. Naamini hili si haki kwa mtu wa kipato cha msimu. Yeye akichelewa kulipa, riba ya asilimia 1 kwa mwezi huanza kumwandama mara moja.

Sheria lakini haikuacha jambo wazi. Ombi la ushuru wa mapato hupelekwa ndani ya miaka 5 tangu ushuru kulipwa. Muda wa KRA kuamua ombi ulikuwa siku 90, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ikaurefusha hadi siku 120. Ikiamua kufanya ukaguzi, ni siku 180.

Turudi kwa yule aliyejaziwa sufuri. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015, kifungu cha 31, inampa mlipaji ushuru nafasi ya kuomba kurekebisha ritani yake mwenyewe ndani ya miaka 5. Hufanyika ndani ya iTax ileile: unaingia sehemu ya ritani, unachagua kurekebisha badala ya kujaza mpya, unataja mwaka, kisha unajaza upya ukitumia P9. Unaijaza yote tena, si pale palipokosewa tu, kwa sababu ritani ya marekebisho huchukua nafasi ya ile ya kwanza. Marekebisho yanayopunguza ushuru au kuleta dai la kurudishiwa hupitiwa na afisa kabla ya kukubaliwa, na akikataa, sheria inamtaka akupe sababu ndani ya siku 30 tangu apokee ombi. Rekebisha kwanza, usubiri ikubaliwe, ndipo uombe kurudishiwa. Wanaotuma yote kwa pamoja huacha karatasi mbili zinazopingana, na tumeona karatasi zinazopingana zinaishia wapi.

Marekebisho huweza pia kukugeukia. Aliyefanya kazi hoteli mbili kwa wakati mmoja, zote zikampunguzia 2,400 kila mwezi, atakuta anadaiwa. Ni bora kujua na kulipa mapema, kwa sababu KRA ina taarifa za hoteli zote mbili na riba haisimami.

Msimu unaoanza Novemba na kuishia Machi huangukia miaka miwili ya ushuru. Kwa hiyo ni P9 mbili, ritani mbili, na huenda madai mawili. Mtu akiomba la mwaka mmoja tu hulisahau la pili kabisa.

Kufuatilia nako kuna gharama, hasa kwa mtu wa Faza au Kizingitini ambaye lazima apande mashua hadi Amu, mji wa Lamu, kabla hajalifikia dawati la Huduma Centre. Kwa sababu hiyo, safari iwe moja na iwe na maana: beba P9, payslip, kitambulisho, nambari ya ombi na tarehe uliyolituma. Siku 120 zikipita bila jibu, usiridhike na kuambiwa "linashughulikiwa". Andika barua au barua pepe, utaje nambari na tarehe, uulize ombi limekwama hatua gani na kwa sababu ipi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya hatua za kiutawala za haraka, na ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi ukikuumiza. Ombi likikataliwa, usikawie, kwa maana muda wa kupinga ni siku 30, na huhesabiwa tangu siku ulipoarifiwa, hata kama arifa iko kwenye barua pepe uliyofunguliwa na kijana wa saiba na hujawahi kuingia. Nenda ubadilishe anwani hiyo kwenye iTax kabla ya kutuma ombi lolote.