Kabla hujawabeba: yanayosemwa kuhusu mama paka wa mtaani na watoto wake, na ukweli ulivyo

Siku niliyowakuta wale wanne chini ya rundo la mbao, niliamini nimefika kwa wakati. Macho yao yalikuwa bado yamefumba, masikio yamelala kichwani, kila mmoja anaenea kiganjani. Nikasubiri kama dakika 10, mama hakutokea. Nikawatia kwenye boksi, nikaenda nao nyumbani. Jioni nilipopita tena pale nikamkuta paka jike mwembamba anazizunguka zile mbao, anaingia, anatoka, anaita kwa ile sauti fupi ya kooni ambayo paka huwaitia wanawe, chuchu zimejaa maziwa. Nikakimbia kuwarudisha. Aliwapokea palepale na kuwalamba mmoja mmoja. Lakini mdogo wao alikuwa ameshapoa akiwa mikononi mwangu, na usiku ule akafa.

Linaniuma mpaka leo. Kosa lile ninaliona likirudiwa na watu wenye huruma tele, na karibu kila mara chanzo ni jambo ambalo sote tumelisikia na hatukuwahi kulichunguza.

Dhana: “Mama hayupo, basi amewatupa.”

Paka anayenyonyesha ana njaa kuliko paka wengine wote wa mtaani. Lazima atoke akatafute chakula na maji, na safari hiyo inaweza kumchukua saa kadhaa, hasa watoto wakishatimiza wiki mbili tatu. Tena ukiwa umesimama pale ukichungulia, huenda yuko nyuma ya ukuta anakutazama, anangoja uondoke. Pia paka ana tabia ya kuhamahama na watoto: huwabeba kwa ngozi ya shingo, mmoja mmoja, hadi maficho mengine. Ukiwakuta wawili peke yao, pengine wenzao wameshafikishwa na zamu ya hawa inakuja.

Watazame watoto wenyewe. Wakiwa wamelala wamerundikana, matumbo yamejaa, manyoya makavu na safi, mama yupo. Wakilia bila kukoma, matumbo yamenywea, miili baridi, manyoya yamegandana kwa uchafu, kuna tatizo. Ukibaki na shaka, chukua unga, unyunyize duara jembamba kuzunguka maficho yao, kisha ondoka kabisa. Rudi baada ya saa mbili tatu uinamie ule unga. Nyayo ndogo za mviringo, vidole vinne, bila alama ya kucha kwa sababu paka hutembea amezificha: huyo yaelekea ni mama, amepita, amenyonyesha, ametoka tena.

Muda wa kungoja hutegemea hali yao. Watoto wenye joto na waliotulia wanaweza kumngoja mama kwa saa kadhaa bila madhara. Aliyelowa mvua au aliyeanza kupoa hana muda huo, huyo mhudumie mara moja. Na kama mahali penyewe ni pa hatari, maji yanaingia au mbwa wanapita, wasogeze hatua chache tu hadi penye usalama, ndani ya boksi lililolazwa ubavu, ambapo mama akirudi atasikia vilio vyao. Usiwapeleke mtaa wa pili.

Dhana: “Ukiwagusa, mama atasikia harufu ya binadamu na kuwakataa.”

Hapana. Paka hamwachi mwanawe kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Wapo hata wanaopokea watoto wa paka mwingine na kuwanyonyesha pamoja na wao. Kinachomsumbua ni vurugu: watu wanaokuja kila saa, tochi, kelele, watoto wa jirani. Akiona maficho yake yamejulikana atawahamisha, nawe utarudi ukute patupu. Mama akimtenga mmoja, mara nyingi mtoto huyo ni mgonjwa au amepoa, na huyo ndiye anayehitaji mkono wako.

Dhana: “Wape maziwa ya ng’ombe, paka si anapenda maziwa?”

Hili linaua watoto wengi kimyakimya, na wanaolifanya huwa wameamka usiku wa manane kwa nia njema kabisa. Maziwa ya ng’ombe yana protini kidogo mno kwa paka mchanga. Maziwa ya mama yake huwa na protini maradufu au zaidi. Ya ng’ombe humharisha, na mtoto wa gramu 100 akiharisha hukaukiwa maji mwilini kwa muda mfupi sana. Ya mbuzi hayatatui tatizo. Kuna maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya paka wachanga, na hayo ndiyo ya kutafuta, kwa daktari wa mifugo au kwa wauza vyakula vya wanyama.

Hata ukiwa na maziwa sahihi, kuna kitu kinachotangulia, nacho ni joto. Paka mchanga hawezi kujipasha mwili mpaka afikishe kama wiki tatu au nne. Wiki ya kwanza pale anapolala panahitaji nyuzi 29 hadi 32 hivi za sentigredi. Mtoto aliyepoa usimlishe. Tumbo lake halisagi chochote, maziwa yatakaa humo yakichacha, au yatamwingia mapafuni. Mguse ndani ya mdomo kwa ncha ya kidole: ukiona ni baridi, weka chupa chini. Mwingize ndani ya nguo yako, ngozi kwa ngozi, au mlaze kando ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, na umwache na nafasi ya kujisogeza akizidiwa na joto. Mpashe taratibu. Anaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Akianza kuhangaika na kutafuta chuchu kwa pua, hapo ndipo mlishe.

Mlishe akiwa amelalia tumbo, kichwa kimeinuka kidogo, jinsi anavyokaa akinyonya kwa mama yake. Wengi tunamlaza chali kama mtoto wa binadamu, na maziwa huingia kwenye njia ya hewa. Tumia chupa ndogo yenye chuchu, au bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, bila kubana kwa haraka. Wiki ya kwanza ni kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Kisha kazi ambayo hakuna anayekuambia: hawezi kukojoa wala kunya mwenyewe mpaka afike kama wiki tatu. Mama humlamba ili mkojo na choo vitoke. Wewe chukua pamba au kitambaa laini kilicholowa maji ya uvuguvugu, umpanguse taratibu chini ya mkia, kabla au baada ya kila mlo. Ukiliacha hilo, maziwa yote unayompa yatamgeukia sumu.

Mpime kila siku kwenye mizani ya jikoni, saa ileile, uandike. Anayekua vizuri huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku. Uzito ukisimama siku nzima, au ukishuka, usingoje dalili nyingine.

Nimeeleza haya kwa urefu ili uone mzigo ulivyo. Mama paka huifanya kazi hii yote akiwa amelala. Anatoa joto, maziwa na usafi, na katika siku ya kwanza anawapa maziwa yale ya mwanzo yenye kinga ambayo hakuna unga unaoweza kuyaiga. Kwa hiyo unapomkuta mama yupo na yu mzima, mlishe yeye. Atahitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake, na chakula cha paka wadogo ndicho kinachomfaa zaidi kwa kuwa kina nguvu nyingi. Cha mbwa hakimtoshi, kimepungukiwa na taurini, kirutubisho ambacho paka lazima akipate kwenye chakula chake. Maji safi kila siku. Sahani iweke mbali kidogo na maficho, maana harufu ya chakula huita mbwa na madume yanayozurura, na wapo madume wanaoua watoto.

Dhana: “Anafoka na kukwaruza, huyo ni shume, hasaidiki.”

Paka aliyezaa hufoka. Hata yule wa nyumbani aliyezoea kulala mapajani anaweza kukubadilikia wiki za kwanza, kisha akarudi alivyokuwa. Usimhukumu kwa siku hizo. Na kama kweli ni shume, hajawahi kuguswa na mtu, bado anasaidika, ila kwa njia yake: chakula, kivuli, na baadaye mtego wa kizimba wa kumpeleka kwa daktari. Usimfukuze kwa mikono. Watie watoto kwenye kreti, iweke nyuma ya mtego, funika vyote kwa shuka aone kama pango moja, na harufu na sauti zao zitamwingiza. Ukiwahamishia ndani, wape chumba kidogo kilichotulia, boksi lenye mlango mmoja, nawe uingie tu kuweka chakula na kusafisha.

Watoto wana hesabu tofauti. Kati ya wiki ya pili na ya saba hivi, ubongo wao uko wazi kuwazoea watu. Aliyeshikwa kwa upole kila siku katika kipindi hicho hukua akimpenda binadamu. Aliyepita miezi miwili bila kuguswa anaweza kuzoea, lakini itakuwa kazi ya wiki na miezi. Hiyo haina maana uwatoe kwa mama wakiwa na wiki nne ili wakuzoee upesi. Washike wakiwa bado naye, kama anakuruhusu. Kunyonya huanza kupungua wiki ya nne na kuisha karibu ya nane, na katika muda huo mama na ndugu huwafundisha mengi, ikiwemo kutong’ata kwa nguvu.

Dhana: “Dawa za watu zinawafaa, tena kidogo tu.”

Paracetamol humuua paka, hata kipande cha kidonge. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin humtia degedege na inaweza kumuua. Viroboto wenyewe si wa kudharau, wakiwa wengi hunyonya damu ya mchanga mpaka akaishiwa. Kwa aliye mdogo mno tumia kitana chenye meno ya karibu na maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini kidogo, kisha mkaushe mara moja asipate baridi. Dawa ya minyoo madaktari huanza kuwapa tangu wiki ya pili au ya tatu, kwa kuwa minyoo hupitia hata kwenye maziwa ya mama. Na mama akianza kutetemeka na kukakamaa, akiwa na titi gumu la moto, au akisukuma uchungu wa kuzaa kwa nusu saa bila mtoto kutoka, mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo.

Dhana: “Mjamzito na paka hawakai nyumba moja.”

Wanakaa. Ugonjwa unaoogopwa, toksoplazimosi, upo kweli na una madhara kwa mimba, lakini paka hutoa vimelea vyake kwenye kinyesi kwa wiki moja au mbili tu, kwa kawaida mara anapoambukizwa kwanza, na vimelea hivyo huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Choo cha paka kikisafishwa kila siku, na mtu mwingine, hatari hupungua sana. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa huambukiza wengi. Ninachokisisitiza kwa uzito zaidi ni meno. Paka wa mtaani akikung’ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa na yeye hupata kichaa cha mbwa.

Dhana: “Anayenyonyesha hashiki mimba, tena mwache azae walau mara moja.”

Anashika. Anaweza kuwa kwenye joto tena, yaani kutaka dume, wiki chache tu baada ya kujifungua, watoto wakiwa bado wako kwenye titi, na mimba ya paka ni siku 63 hadi 65 hivi. Jike mdogo naye anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne, na kaka yake humpanda bila kusita. Na hakuna faida yoyote ya kiafya ya kumwacha azae kwanza. Kinyume chake, jike aliyefungwa kizazi kabla ya joto la kwanza ana hatari ndogo sana ya kupata saratani ya matiti.

Hapa ndipo wengi tunapoishia njiani. Watoto wanapata nyumba, tunashangilia, mama anarudi vichakani, na baada ya miezi miwili analia chini ya mbao nyingine. Watoto wanaweza kuhasiwa wakifika wiki nane na uzito wa kilo moja, wakiwa na afya. Mama hufanyiwa kama wiki mbili baada ya kuwaachisha, maziwa yakikauka. Na kama ndiyo siku pekee uliyofanikiwa kumnasa akiwa bado ananyonyesha, mwambie daktari. Anaweza kumfanyia, na maziwa hayakatiki kwa sababu hayaongozwi na mfuko wa mayai. Awarudie watoto mapema tu akishazinduka vizuri.

Yule wa kwenye mbao nilimnasa watoto wakiwa na wiki 10. Daktari alimkata ncha ya sikio la kushoto akiwa bado amelala, alama ambayo sehemu nyingi huwaonyesha watu kwamba paka huyu ameshafungwa kizazi, asisumbuliwe tena. Nilimlaza kwenye kreti usiku mmoja, asubuhi nikaifungua palepale nilipomkamatia. Alitoka mbio bila kugeuka. Jioni alikuwa amekaa kando ya sahani, ananingoja.