Kabla ya kwenda Pangani, tazama mwezi

Mteja anayeingia ofisini kwangu hapa Moshi akitaka kupelekwa baharini huanza na bei ya chumba, kisha umbali, kisha kama kuna feni. Mimi humuuliza tarehe, halafu nafungua kalenda inayoonyesha mwezi. Wengine hucheka, wakidhani nataka kuwapigia ramli. Lakini kazi ya kupanga safari za pwani kwa watu wa huku mlimani imenifundisha kwamba jua si la kuhangaikia. Lipo, na utalichoka. Kinachoamua utafanya nini na saa ngapi ni maji kujaa na kupwa. Familia ikifika ufukwe wa Ushongo, kusini mwa mji wa Pangani ukishavuka mto, saa 4 asubuhi, siku ya mwezi mpevu, itaikuta bahari imerudi mbali, mchanga umelala wazi, na watoto waliokwisha kuvaa nguo za kuogelea wanauliza maji yako wapi. Familia hiyohiyo ikija wiki moja baadaye, saa ileile, itakuta maji yamejaa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kati ya kujaa kumoja na kujaa kunakofuata hupita saa 12 na dakika 25 hivi, na katikati yake maji hupwa. Ndiyo maana kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ndio unaovuta maji zaidi, na jua huongezea. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa karibu katika mstari mmoja, mivuto ikajumlishana, maji yakapanda sana na kushuka sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua, na katika pwani hii tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hupunguzana, na bahari hupanda na kushuka kidogo tu. Watu wa pwani huyaita maji mafu.

Sasa jambo ambalo kalenda haikwambii. Pwani ya Tanga, kama ilivyo Mombasa na Zanzibar, siku za bamvua maji hujaa kabisa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa 4 asubuhi yamejaa, saa 10 alasiri yamepwa. Ni hivyo mwaka mzima. Ukiongeza zile dakika 50 za kila siku, unaweza kukadiria ratiba nzima ukiwa bado uko nyumbani, Majengo ya Moshi au Njiro ya Arusha. Majedwali ya maji yapo kwenye intaneti na kwenye programu za simu, yatumie kwa dakika kamili. Mvuvi wa palepale, anayehesabu tarehe za mwezi kichwani, namwamini kuliko vyote.

Kwa hiyo anayekwenda na watoto wadogo na anataka waoge asubuhi kabla jua halijawa kali, namtafutia wiki ya mwezi nusu. Anayetaka matumbawe, fungu la mchanga katikati ya bahari na kutembea juu ya miamba, namtafutia bamvua. Wengi huomba vyote kwa siku mbili. Kwa siku mbili utapata kimoja vizuri.

Nikitaja Pangani, swali linalofuata ni kwa nini isiwe Zanzibar. Sina ugomvi na Zanzibar, ila ukiwa na watu watano wa kulipiwa, nauli peke yake inamaliza hamu. Mombasa kwa kupitia Holili na Taveta ni karibu zaidi, ila hapo unavuka mpaka, na nusu ya familia hawana hati ya kusafiria. Ndani ya nchi, bahari yetu sisi wa Kaskazini ni ya Tanga. Kutoka Moshi ni kama kilomita 350 za lami: Himo, Mwanga, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, Tanga. Mtu wa Arusha aongeze kilomita 80. Pangani iko kusini mwa Tanga, kama kilomita 50 kwa barabara ya pwani, na kuna njia nyingine inayoshuka moja kwa moja kutoka Muheza. Ujenzi wa barabara ya pwani ya kwenda hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la Mto Pangani, umekuwa ukiendelea kwa muda, kwa hiyo uliza hali ya njia wiki unayosafiri.

Mto wenyewe ni wetu. Maji ya Meru na ya upande mmoja wa Kilimanjaro hushuka kwa Mto Kikuletwa, mengine kwa Mto Ruvu, yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yanapita Korogwe, yanazungusha mitambo ya umeme Hale, kisha yanaingia baharini Pangani. Yale unayojirushia kwa kamba pale Chemka, zile chemchemi za karibu na Moshi, Jumapili nayo hupita njia hiyohiyo.

Na hapo ndipo pa kuonya. Anayejua kuogelea Chemka ana haki ya kujiamini, lakini Chemka unaiona chini na hakuna kinachokuvuta kwenda Bara Hindi. Maji ya chumvi hukubeba vizuri zaidi kuliko ya baridi, hilo ni zuri. Hatari yake iko kwenye mkondo. Usiogelee kabisa mlangoni mwa mto. Maji yakianza kupwa, mto unasukuma kwenda nje na bahari nayo inarudi nje, na hakuna mikono ya binadamu inayoshindana na hivyo viwili. Ndani zaidi mtoni kuna mamba. Ukichukuliwa na mkondo ukiwa ufukweni, usipigane nao kurudi moja kwa moja. Ogelea kuufuata ufukwe hadi utoke kwenye ule mvuto, ndipo ugeukie nchi kavu. Kwenye miamba vaa raba za zamani, zile ulizotaka kutupa, kwa sababu kuna viumbe vyeusi vya duara vyenye miiba mirefu, na mwiba ukivunjikia mguuni likizo imeishia hapo.

Kama utafanya jambo moja tu Pangani, liwe Maziwe. Hapo zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kasa wengi waliopanda kutaga. Kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, lakini miti ikaendelea kupungua, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 haikuwepo tena. Leo ni fungu la mchanga mweupe lililozungukwa na matumbawe, na maji makubwa yakijaa linafunikwa lote. Unafika, unakaa juu ya nchi ambayo baada ya saa chache haipo. Kasa bado wanakwenda kutaga pale, na kwa kuwa mayai yangezama, kuna mradi wa wanakijiji wa Ushongo ambao huyahamishia ufukwe wa bara. Vifaranga huchukua kama miezi miwili kutoka. Ukibahatika kuwepo siku hiyo, acha tochi na taa ya simu, kwa sababu mwanga huwapoteza njia wakageuka kuelekea nchi kavu.

Hesabu ya Maziwe siku za bamvua ni nyepesi. Ondoka saa 2 asubuhi maji yanaposhuka, saa 4 fungu liko wazi kabisa, unavaa miwani ya kuzamia na kutazama samaki kwenye matumbawe, na saa 6 au 7 boti inageuka kabla maji hayajafunika mahali ulipoweka vikapu. Siku za maji mafu, maji hupwa alasiri, na alasiri ndipo upepo wa baharini unapokuwa umeamka. Utarudi umelowa, na pengine umetapika. Nahodha akikuambia leo haifai, mlipe soda umshukuru. Kiingilio cha hifadhi hulipwa, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, basi beba kitambulisho cha NIDA. Koti la kuokolea maisha mdai kabla ya kupanda, kila mtu lake, hata yule mjomba anayesema alizaliwa majini.

Mji wa Pangani hauhitaji zaidi ya asubuhi moja, lakini asubuhi hiyo usiiruke. Kabla ya Wajerumani, hapa ndipo misafara ya pembe za ndovu ilipoanzia na kuishia ikitoka kwetu Uchaggani na Umasaini. Baadhi ya shanga na vitambaa walivyopokea mamangi, yaani watawala wa Wachagga wa huku, vilipita kwenye ukingo huu wa mto. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipotaka kushika forodha na kupandisha bendera yake, mji uliinuka, na vita vikaongozwa na Abushiri bin Salim, aliyekuwa na mashamba ya miwa karibu na hapo. Alikamatwa, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Boma bado lipo, na nyumba za kale zenye milango ya nakshi zinachakaa kwa kasi inayonikera. Tafuta kijana wa mtaani anayetambulika kama mwongozaji akutembeze. Ukienda peke yako utaona kuta tu. Jioni panda mashua kwenda juu ya mto, kwenye mikoko na minazi, nayo pia wakati maji yanajaa, kwa sababu yakipwa unatazama tope.

Tanga mjini naiwekea saa ambazo bahari haitumiki. Ghuba yake, ukiacha Raskazone ambako watu huogelea maji yakijaa, si ya kulala mchangani. Lakini kilomita chache kaskazini, kwenye barabara ya Mombasa, kuna Mapango ya Amboni, mapango ya mawe ya chokaa ambamo watu bado huacha sadaka za tambiko. Waongozaji husimulia kwamba mbwa aliyepotelea humo alikuja kuonekana upande wa Kilimanjaro. Nimeishi Moshi miaka mingi na sijakutana na aliyemwona mbwa huyo, na upimaji uliofanywa mwaka 1994 ulikuta pango refu kuliko yote ni mita 900. Hadithi hata hivyo ni tamu, mwache mwongozaji aimalize.

Njiani kati ya Tanga na Pangani simama Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya zama za Waswahili wa kale. Wachache wanaosimama hapo wanajua kwamba miamba ya pwani hii iliwahi kuishika meli ya Vasco da Gama. Aprili 1498 São Rafael ilipanda fungu, maji yakapwa ikabaki kavu, yakajaa ikaelea tena. Waliporudi Januari 1499, mabaharia wakiwa wamepungua kwa maradhi, waliichoma moto hukohuko.

Chakula sitakipangia ratiba, isipokuwa pweza. Siku za bamvua miamba ikiwa wazi, akina mama hutoka na vijiti kuwatafuta mashimoni, kwa hiyo jioni yake ndiyo ya kwenda kwenye meza za barabarani. Pweza anakatwa vipande vidogo, unachoma kijiti, unachovya pilipili, na kikombe cha supu kinafuata. Mkate wa kumimina na samaki wa kupaka utavipata siku yoyote. Kitimoto na mbege viache nyumbani kwa siku hizo. Na kama safari imeangukia Ramadhani, panga chakula cha mchana na hoteli mapema.

Kuhusu majira: masika, Machi hadi Mei, mto unaleta udongo na bahari ya Pangani inakuwa rangi ya chai. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, ufukwe unapendeza lakini boti zinarushwa, na likizo za shule ndizo zinaangukia hapo. Ninayoipenda ni Oktoba hadi Februari, upepo ukiwa umetulia au kaskazi ikivuma, na maji yakiwa angavu zaidi. Katikati ya Desemba kuna zawadi ambayo watu wa Moshi hawaitumii: wakati Wachagga wote wa Dar wanapanda kuja kula Krismasi, viti vya kushuka kuelekea pwani vinapatikana kwa urahisi. Baada ya mwaka mpya inageuka, ukichelewa utasimama.

Wanaotoka Marangu, Machame au Usa River wachukue chandarua kwa uzito. Tumekulia kwenye baridi ambako malaria ni haba, na miili yetu haijaizoea kama ya watu wa pwani. Homa yoyote ndani ya wiki chache baada ya kurudi, kapime. Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Ukiingia mtaani funga kanga, na mzee aliyekaa barazani mwamkie shikamoo kabla ya kumuuliza njia, utajibiwa vizuri na pengine utapewa kiti.

Tiketi ya kurudi kata siku unayofika. Mabasi mengi ya kuja huku huondoka Tanga asubuhi, kwa hiyo maji ya asubuhi ya siku ya mwisho usiyaweke kwenye hesabu. Na kama umelala Ushongo, vuka Mto Pangani na ulale Tanga usiku ule wa mwisho.