Je, Wajua? Kwa Nini Kanada Ina Askari wa Miavuli, na Hufunzwaje Kuruka

Ukiitazama ramani ya Kanada, jibu la kwanza linajitokeza lenyewe. Nchi hiyo ina eneo la karibu kilomita za mraba milioni 10, na mwaka 1942, ilipounda kikosi chake cha kwanza cha miavuli, ilikuwa na watu wasiozidi milioni 12, wengi wao wakiishi karibu na mpaka wa Marekani. Kaskazini mwa ukanda huo wenye watu kuna misitu, maziwa na barafu, na sehemu kubwa ya eneo hilo haina barabara wala reli. Adui akitua huko, au ndege ikianguka, njia ya haraka ya kufika ni kuruka kutoka angani. Hata hivyo, askari wa kwanza walioandaliwa kwa hoja hiyo hawakupigana Kanada hata siku moja, bali walikwenda kuruka Ufaransa na Ujerumani. Ukiifuatilia historia yao kwa miaka zaidi ya 80, utaona kwamba Kanada ilijua namna ya kumfundisha mrukaji vizuri zaidi kuliko ilivyojua itamtumia wapi.

Wazo lenyewe liliwashwa na Wajerumani. Mwezi Mei 1940 walidondosha askari kwa miavuli na kwa ndege zisizo na injini huko Uholanzi na Ubelgiji, wakateka madaraja na ngome kabla ya majeshi yao ya nchi kavu kufika. Mwezi uliofuata Winston Churchill aliagiza Uingereza nayo iandae kikosi cha warukaji wasiopungua 5,000. Agosti mwaka huohuo afisa mmoja wa Kanada, Kanali E. L. M. Burns, alipeleka pendekezo kama hilo katika makao makuu ya ulinzi mjini Ottawa, nalo likakataliwa. Wakubwa waliona kwamba kikosi cha namna hiyo kingegharimu fedha nyingi na mwishowe kingetumiwa na Waingereza, kwa kuwa Kanada yenyewe haikuwa na operesheni ya kukipeleka. Burns hakuchoka kulirudia pendekezo lake. Baada ya Japani kuingia vitani Desemba 1941, na hasa ilipoteka visiwa viwili vya Alaska mwezi Juni 1942, hoja ya kulinda nchi kutoka angani ilipata masikio. Tarehe 1 Julai 1942 Batalioni ya Kwanza ya Miavuli ya Kanada iliidhinishwa, na kazi iliyotajwa kwanza ilikuwa ulinzi wa nyumbani, hususan kukomboa viwanja vya ndege ambavyo adui angeweza kuviteka mahali pa mbali.

Kanada haikuwa na shule ya kuruka wakati huo, kwa hiyo iliazima mbili zilizokuwa na mafundisho tofauti kabisa. Baadhi ya askari walipelekwa Ringway, karibu na Manchester nchini Uingereza, na wengine wengi walikwenda Fort Benning katika jimbo la Georgia, Marekani. Tofauti za shule hizo mbili zinafaa kuelezwa kwa utulivu, maana zinaonyesha jinsi jambo linaloonekana moja, yaani kuruka kutoka kwenye ndege, linavyoweza kufanywa kwa njia mbili zinazokinzana.

Huko Benning mwanafunzi alipandishwa kwenye minara yenye urefu wa mita 76 hivi, akaachiliwa ateremke na mwavuli uliokwisha kufunguliwa, ili azoee kutua kabla hajaonja kuruka kwenyewe. Kisha alitoka kupitia mlango wa ubavuni mwa ndege, akiwa na mwavuli mkubwa mgongoni na wa akiba kifuani. Mwavuli wa Kimarekani wa wakati huo ulifunguka kitambaa kwanza, kamba zikafuata, jambo lililomfanya mrukaji apate mshtuko mkali mwili ulipozuiwa ghafla. Huko Ringway mambo yalikuwa kinyume. Mruko wa kwanza ulikuwa wa kutoka kwenye puto kubwa lililofungwa ardhini kwa kamba ya chuma, mahali pasipo na mngurumo wa injini wala upepo wa panga za ndege, na wengi walisema ukimya huo ulitisha kuliko ndege. Baada ya puto ilifuata ndege ya zamani ya mabomu aina ya Whitley, ambayo mrukaji aliitoka kwa kupenya tundu la sakafuni. Aliyejisukuma kwa nguvu mno aligonga uso kwenye ukingo wa pili wa tundu, na aliyejisukuma kidogo mno aligonga mgongo. Mwavuli wa Kiingereza ulinyoosha kamba kwanza na kufungua kitambaa mwishoni, kwa hiyo mshtuko ulikuwa mdogo, lakini Waingereza hawakutoa mwavuli wa akiba. Mkanada aliyefuzu Benning na kuhamishiwa Uingereza mwaka 1943 alilazimika kujifunza upya, huku ameondolewa kile kifurushi cha kifuani kilichompa imani.

Mafunzo yaliua pia. Meja H. D. Proctor, aliyeteuliwa kuwa kamanda wa kwanza wa batalioni hiyo, alikufa Benning mwezi Septemba 1942 katika mruko wake wa kwanza kabisa, pale ndege iliyokuwa ikifuata nyuma ilipozikata kamba za mwavuli wake. Kazi iliendelea. Mwaka 1943 Kanada ilifungua kituo chake yenyewe huko Shilo, katika nyika za Manitoba, ambako ardhi ni tambarare na miti ni michache.

Kufikia hapo shabaha ilikuwa imebadilika bila kelele. Hatari ya Japani kutua Kanada ilikuwa imefifia, na batalioni ikapelekwa Uingereza mwezi Julai 1943 na kuwekwa katika Brigedi ya Tatu ya Miavuli, chini ya Brigedia James Hill, ndani ya Divisheni ya Sita ya Uingereza. Hofu ya wakubwa wa Ottawa ya mwaka 1940 ilitimia, ila sasa hakuna aliyelalamika. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944 Wakanada zaidi ya 500 waliruka Normandy, saa kadhaa kabla ya majeshi ya baharini kufika ufukweni, wakiwa na kazi ya kulipua madaraja ya eneo la mto Dives, kukamata kijiji cha Varaville na kulinda ubavu wa kushoto wa uvamizi mzima. Upepo, mawingu na mizinga ya Wajerumani viliwatawanya vibaya. Wengine walitua kwenye mabwawa yaliyofurishwa makusudi na Wajerumani na kuzama kwa uzito wa mizigo yao, na zaidi ya 80 walitekwa siku hiyo. Hata hivyo madaraja yalivunjwa na Varaville ikachukuliwa. Askari waliotua mbali na vikosi vyao walijikusanya wawili wawili na watatu watatu na kutekeleza kazi bila kusubiri amri, jambo ambalo walikuwa wamelifanyia mazoezi tangu Shilo.

Mruko wao wa pili na wa mwisho vitani ulikuwa tarehe 24 Machi 1945, mchana kweupe, ng'ambo ya mto Rhine nchini Ujerumani. Luteni Kanali Jeff Nicklin, aliyekuwa akiiongoza batalioni wakati huo na ambaye kabla ya vita alikuwa mchezaji mashuhuri wa futiboli ya Kikanada mjini Winnipeg, alinaswa kwenye mti juu ya ngome ya Wajerumani na kuuawa akining'inia. Siku hiyohiyo Koplo Frederick Topham, mhudumu wa tiba, aliwaona wahudumu wenzake wawili wakipigwa risasi, mmoja baada ya mwingine, walipokuwa wakimwendea majeruhi aliyelala mahali pa wazi. Yeye akaenda. Akiwa anamfunga majeruhi huyo alipigwa risasi iliyopenya puani, lakini alimaliza kumhudumia, akambeba hadi msituni, na akaendelea kuwatoa wengine kwa saa mbili hivi kabla ya kukubali kutibiwa. Baadaye aliwaokoa watu watatu kutoka kwenye gari la kijeshi lililokuwa likiwaka moto. Alitunukiwa Msalaba wa Viktoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Batalioni iliendelea mbele kwa kasi hadi mji wa Wismar, kwenye pwani ya Baltiki, ikaingia tarehe 2 Mei na kukutana huko na Warusi. Mwisho wa Septemba 1945 ilivunjwa.

Walikuwapo pia Wakanada waliojiunga na kikosi mchanganyiko na Wamarekani kilichoundwa Montana mwaka 1942. Kwa muda hao waliitwa rasmi Batalioni ya Pili ya Miavuli ya Kanada. Walifundishwa kuruka kwa siku chache tu, wakafundishwa pia kuteleza kwenye theluji na kupanda majabali, na mwishowe walipigana kwa miguu milimani Italia bila kuruka hata mara moja vitani.

Baada ya vita hoja ya mwanzo ilirudi, safari hii kwa sababu ya Umoja wa Kisovyeti. Njia fupi ya ndege za mabomu kati ya Urusi na Marekani hupita juu ya kaskazini mwa Kanada, na serikali ililazimika kuonyesha kwamba inaweza kuilinda ardhi hiyo, si kwa sababu ya Warusi peke yao bali pia ili Wamarekani wasione haja ya kuja kuilinda wenyewe. Shule ya kuruka ilihamia Rivers, Manitoba, na mwishoni mwa miaka ya 1940 batalioni moja kutoka kila moja ya regimenti tatu za kudumu za askari wa miguu ilipewa jukumu la kuruka. Hapo ndipo mafunzo yalipokuwa ya Kikanada kweli. Askari anayeruka penye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri huvaa nguo nene zinazomzuia kuinua mikono vizuri, vidole vyake hushindwa kufungua vifungo vya mkanda akiwa na glavu, na akizivua huanza kuganda. Akitua, lazima kikundi chake kilipate haraka sleji (kigari cha kukokotwa juu ya theluji) lililodondoshwa pamoja nao, lenye hema na jiko, maana bila hivyo viwili hawataweza kupigana na yeyote asubuhi.

Tarehe 8 Aprili 1968 vikosi hivyo vilikusanywa kuwa Regimenti ya Miavuli ya Kanada, makao yake yakiwa Edmonton. Bereti ya rangi ya damu ya mzee ikawa alama ya heshima iliyotamaniwa na vijana wengi. Kazi halisi, hata hivyo, ilikuja bila miavuli. Mwaka 1974 regimenti ilikuwa Saiprasi chini ya Umoja wa Mataifa, Uturuki ilipovamia kisiwa hicho, na ilisaidia kuulinda uwanja wa ndege wa Nicosia. Mwaka 1977 ilihamishiwa Petawawa, Ontario. Kisha ikaja Somalia. Mwishoni mwa 1992 ilipelekwa Beledweyne kulinda misaada ya chakula, na tarehe 16 Machi 1993 askari wake walimtesa hadi kufa kijana wa Kisomali wa miaka 16, Shidane Arone, waliyemkamata karibu na kambi yao. Siku chache kabla ya hapo Msomali mwingine alikuwa ameuawa kwa risasi. Mapema 1995 zilionyeshwa hadharani kanda za video za askari wa regimenti hiyo wakinyanyasana na kutoa maneno ya ubaguzi wa rangi, na tarehe 5 Machi 1995 serikali iliivunja regimenti nzima. Wapo wanaosema hadi leo kwamba kosa la wachache liliadhibiwa kwa wengi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, jeshi linalomfundisha mtu kujiona wa pekee, kisha likamwacha bila nidhamu kati ya watu wasio na silaha, haliwezi kuwabebesha wachache lawama yote.

Kuruka kwenyewe hakukukoma. Shule ilihamia Trenton, kwenye ufuo wa Ziwa Ontario, mwaka 1996, na huko ndiko wanafunzi wanakofundishwa hadi sasa. Kozi ya msingi huchukua wiki tatu hivi, na sehemu kubwa hupita ardhini. Mwanafunzi hurudia kuanguka mara nyingi, miguu na magoti yakiwa yamebanwa pamoja, ili kishindo kigawanywe kutoka nyayoni hadi kwenye shavu la mguu, paja, tako na upande wa mgongo, badala ya kuvunja kifundo kimoja. Kisha huruka kutoka kwenye mnara wa mita 10 hivi akiwa amefungwa kwenye waya, kimo ambacho hakina hatari kubwa lakini kinatosha kumwogopesha, kwa kuwa ardhi inaonekana wazi. Ndani ya ndege ya Hercules amri ni zilezile kila mara: simama, funga mkanda kwenye waya wa darini, kagua vifaa vya aliye mbele yako, sogea mlangoni. Taa nyekundu hubadilika kuwa ya kijani, na mrukaji anatoka akihesabu kwa sauti. Mkanda uliobaki ndani ya ndege ndio unaomfungulia mwavuli, si mkono wake, kwa kuwa kutoka kimo cha mita 300 au 400 hakuna muda wa kufikiri. Akimaliza kuhesabu bila kuhisi kuvutwa, mkono unakwenda kwenye mwavuli wa akiba, ambao sasa kila Mkanada anao. Anayefuzu hupewa beji ya mabawa yenye jani jekundu la mti wa maple, kama lile la bendera ya Kanada. Jani jeupe huvaliwa na aliyetumikia katika kikosi kinachoruka.

Hakuna kikosi cha Kanada kilichoruka vitani tangu Rhine. Walioruka kwa haja ya kweli katika kaskazini ileile iliyomshughulisha Burns na wenzake ni mafundi wa utafutaji na uokoaji wa jeshi la anga. Tarehe 30 Oktoba 1991 ndege ya Hercules yenye watu 18 ilianguka karibu na kituo cha Alert, kwenye Kisiwa cha Ellesmere, wakati wa mwaka ambapo huko jua halichomozi. Dhoruba iliwazuia waokoaji kwa zaidi ya saa 30. Wanne walikufa katika ajali yenyewe, na rubani, Kapteni John Couch, alikufa kwa baridi akiwa anawahangaikia abiria wake. Hatimaye mafundi hao waliruka gizani katika upepo uliozidi kiwango kinachoruhusiwa, wakawafikia manusura 13 na kuwatia joto hadi wengine walipofika kwa nchi kavu, na wote 13 wakapona. Batalioni tatu za askari wa miguu wepesi zilizorithi kazi ya regimenti iliyovunjwa, huko Petawawa, Edmonton na Valcartier, kila moja ikiwa na kombania ya warukaji, nazo zinahesabiwa katika mpango wa kitaifa wa dharura wa kushughulikia ndege kubwa ya abiria itakayoanguka mbali na barabara. Waokoaji huruka kwanza, kisha hudondoshwa mahema, majiko, mablanketi na dawa, na askari wa miavuli wanaweza kuitwa kuja kuongeza nguvu.