Moshi mweusi haumaanishi enjini imekufa

Gari la zamani likiangushwa na moshi kwenye ukaguzi, hukosi mtu pale Grogan, mtaa wa magereji Nairobi, wa kukuambia: "Mzee, hiyo enjini imeisha, tafuta ingine." Mwingine atakuuzia oili nzito. Ngoja kwanza, tazama rangi ya moshi.

Mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa yakashindwa kuungua yote. Oili nzito hailigusi tatizo hilo. Fungua boksi la chujio la hewa: ukilikuta limejaa vumbi jekundu kama mkeka wa mlangoni, umempata mshukiwa wa kwanza, na wa bei rahisi. Kwa dizeli, peleka nozeli zinazopulizia mafuta zikapimwe. Kwa petroli, angalia plagi, kisha sensa ya oksijeni kwenye ekzosi; ikidanganya, kompyuta humimina petroli kupita kiasi. (Na kama kuna fundi aliyetoboa katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, ati gari lipumue, hapo hakuna ujanja, nunua nyingine.)

Moshi wa buluu ndio wa oili: ringi za pistoni au sili za valvu. Huo ndio wa kuulizia bei ya kufungua enjini.

Siku ya kurudi kupimwa, fika enjini ikiwa moto. Katalisti baridi haisafishi kitu.